Firigisi Kwenye Meza ya Kuzunguka

Wiki mbili zilizopita mwanangu wa pili, ambaye mikono yake haijawahi kukaa siku nzima bila kesi, alitupa kipande cha tangawizi ndani ya kikaango nilichokuwa nachomea maandazi. Mafuta yalilia kama fataki za mwaka mpya. Nilikuwa nimeshainua mwiko kumfundisha adabu, mwiko ukabaki hewani. Ile harufu ya tangawizi iliyokutana na mafuta ya moto ilinishika puani, ikanivuta hadi mji mdogo wa Mpemba, karibu na Tunduma, kwenye meza moja ya duara, nikiwa na miaka tisa na viatu vinavyobana. Mtoto alikimbilia kwa jirani akipiga kelele kwamba mama ameganda. Sikuganda. Nilikuwa nakula.

Kidato cha nne nimemalizia darasa la usiku, nikiwa mama mtu mzima na mwanafunzi pekee katika historia ya shule ile kunyonyesha huku anatafuta thamani ya x. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa insha: mlo ambao hutausahau. Darasa zima tuliandika pilau ya Krismasi. Mimi nikaongeza mbuzi wawili na kreti kumi za soda, nikapata alama za juu kuliko wote. Ulikuwa uongo mtupu. Mlo ambao sijausahau niliogopa kuuandika, kwa sababu na wenyewe una uongo wangu ndani yake, na ule sikuusema kwa ajili ya alama.

Nilikulia kijijini Hasamba kwa Babu na Bibi, wazazi wa baba yangu. Baba alifariki nikiwa mdogo kiasi kwamba uso wake naujua kwa picha ya kipaimara tu. Mama alibaki pale miaka michache. Kisha wazee walipoanza kumshauri aolewe na mdogo wa marehemu ili asitoke nje ya ukoo, alifunga nguo zake kwenye kitenge, akashuka Tunduma, akapata kazi jikoni kwa Wachina waliofungua hoteli ya chakula pale Mpemba, kando ya barabara kuu. Kwenye mashine ya kusaga wanawake walikuwa wakiniona wananong'ona, lakini mnong'ono wa mashineni lazima uwe wa kupiga kelele, la sivyo mashine inaumeza. Kwa hiyo nilisikia vizuri sana: "Mama yake kachukuliwa na Wachina."

Kachukuliwa. Mimi neno hilo nililijua kwenye kahawa. Lori likija, magunia yanachukuliwa, na sijawahi kuona gunia la kahawa likirudi kusalimia. Basi nikaamini kwamba siku moja Mama atapakiwa, atavushwa mpaka, atapita Zambia yote, na kule mwisho wa Zambia ndiko China ilipo.

Lazima niwaeleze jambo moja la kwetu, maana wenzangu mliokulia mijini mtanishangaa mbele ya safari. Kwetu mwanamke na baba mkwe wake walikuwa hawazungumzi ana kwa ana. Hawali pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Babu akiingia jikoni kuwasha kiko chake, Mama alitoka kwa mlango wa nyuma, hata kama ugali uko katikati ya kusongwa. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima, na heshima ile ilihitaji mtumishi. Mtumishi nilikuwa mimi. Tangu nilipoweza kutembea bila kuanguka nilikuwa nabeba sahani ya Babu kutoka kwa Mama, na maneno ya Babu kwenda kwa Mama, hata kama wote wawili wako kwenye uwanja mmoja na wanasikiana vizuri kuliko mimi ninavyowasikia.

"Mwambie mama yako mvua inakuja, aanue kahawa."

"Mama, Babu anasema mvua inakuja, uanue kahawa."

"Mwambie babu yako nimeshaanua."

"Babu, Mama anasema ameshaanua."

Nilikuwa simu ya mkononi kabla simu hazijajaa Hasamba, na sikuwahi kuisha chaji.

Basi Mama alipokuwa amekaa Mpemba miaka miwili hivi, akaleta ujumbe kupitia mama mmoja muuza maharage: madamu wake anawakaribisha Babu na mjukuu waje kula chakula Jumamosi. Babu alifikiri siku mbili. Siku ya tatu akatangaza uamuzi mezani.

"Wanataka kumwachia," alisema. "Ndiyo maana wanatuita. Nakwenda kumrudisha mkwe wangu."

Bibi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Na kama hawamwachii?"

"Nitakwenda na kuku."

Kwa Babu, hakukuwa na mlango duniani usiofunguliwa na kuku. Alimchagua tetea mweusi, mnene, kuku ambaye kwa hesabu zangu za wakati ule alikuwa anataga mayai manne kwa siku. Bibi alinichana nywele asubuhi hiyo mpaka nikahisi ubongo unatoka. Akanivalisha gauni la kanisani. "Mke mwenzangu," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita alipotaka kunitania, "ukifika usile chochote kinachokutazama."

Nikabeba kuku, Babu akavaa koti lake la uzee wa kanisa, tukapanda gari la abiria, Noah, pale Vwawa. Njia nzima nilimwambia kuku habari zote. Mama anarudi leo. Wewe utabaki, Mama atarudi. Nilimwonea huruma, lakini biashara ni biashara.

Mpemba, foleni ya malori ya kwenda mpakani ilikuwa imesimama tangu, sijui, kuumbwa kwa dunia. Madereva wa Zambia walikuwa wamekaa chini ya matela yao wakisongea ugali kwenye majiko ya mafuta. Mmoja alimwona Babu na kimo chake na koti lake, akamsalimia kwa Kibemba, kama wanavyomsalimia babu yeyote, "Mulishani, ba shikulu!" Babu akavua kofia. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Unaona? Hata huku wananijua."

Hoteli yenyewe ilikuwa nyumba ya kawaida ya bati, ila imepakwa rangi nyekundu kama pilipili iliyokasirika. Kwenye baraza zilining'inia taa za karatasi. Ndani kulikuwa na baridi ya mashine, na tangi la kioo ambamo sato wawili walikuwa wanaogelea polepole, wakitutazama. Nikakumbuka maneno ya Bibi, nikafumba macho.

Mama alitoka jikoni. Sikumjua mara moja. Alikuwa amevaa aproni nyeupe, nywele amezifunika kwa kofia ya kitambaa, amenenepa mashavuni. Alipomwona Babu alipiga magoti palepale kwenye vigae, uso ameutazamisha pembeni. "Shikamoo, baba," akauambia ukuta. "Marahaba," Babu akaliambia tangi la samaki. Kisha Mama akanivuta, akanikumbatia na kuku wangu, tukawa watatu, na kuku ndiye aliyelia.

Madamu akaja nyuma yake. Alikuwa mwanamke mfupi, wa umri wa Bibi kasoro kidogo, mwenye mikono ya mtu aliyefanya kazi. Baadaye sana ndiyo nilijua kwamba Wachina nao wana makabila na lugha zao za nyumbani, na kwamba huyu na mumewe walikuwa Wakantoni, watu wa kusini, wanaojivunia mapishi kama Wanyiha tunavyojivunia kahawa. Siku hiyo kilichonishangaza ni Kiswahili chake. Alijifunza jikoni kwa Mama, kwa hiyo alikiongea kwa mkokoto uleule wa Hasamba, akivuta maneno kama bibi anayetoka kisimani. Nikifumba macho, alikuwa shangazi yangu.

"Babu, kalibu saaana. Kaa. Kaa hapa. Safali ndefu."

Babu akanisukuma mbele. Nikamkabidhi kuku. Madamu alimpima kwa mkono, akambonyeza kifua, akapiga mluzi, akamwita mumewe kutoka jikoni. Mume naye akambonyeza. Wakaongea kwa lugha yao kwa furaha kubwa, mikono juu, kama watu waliopokea ng'ombe.

"Kuku huyu leo leo," Madamu alimwambia Babu. "Kwetu, kuku wa mgeni, mgeni anakula yeye."

Tetea akaenda jikoni na Mama akamfuata. Nilijua kwa hakika kwamba biashara imefungwa.

Tukakaa kwenye meza ya duara, kubwa kama kiwanja cha mpira, na juu yake kulikuwa na kioo cha duara kilichoinuka kidogo, kama meza ndogo juu ya meza. Mbele yetu bakuli ndogo, vikombe visivyo na mshikio, vijiti. Madamu akaja na birika la chai na bakuli kubwa tupu, akaliweka mbele ya Babu. Kwao, kabla ya kula, watu husuuza vyombo vyao kwa chai ya moto mezani palepale, na lile bakuli kubwa ni la kumwagia. Sisi tulijua wapi? Babu aliona maji ya vuguvugu, akaona chombo cha kupokelea, akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye malezi hufanya kabla ya kula. Akakunja mikono ya koti, akanyoosha mikono yake miwili juu ya bakuli, akasubiri kunawishwa.

Madamu alisimama na birika. Kwa muda kama wa kupepesa jicho hivi. Kisha akainama kidogo, akamwagia Babu chai mikononi, polepole, mpaka vidoleni. Akaja kwangu, akaninawisha na mimi. Akamaliza, akanyoosha mikono yake mwenyewe, akajimwagia. Akakaa. Sikuona hata dalili ya kicheko usoni mwake, na mimi kicheko cha watu wazima nilikuwa nakinusa kutoka mbali.

Babu alinusa viganja vyake. "Watu hawa," akaninong'oneza, "wananawa kwa majani ya chai. Huo ndio utajiri sasa."

Chakula kikaanza kuja. Mboga za majani zinazong'aa kwa kitunguu saumu. Samaki mzima, kichwa na macho yake, amefunikwa tangawizi na majani ya kitunguu, na mume wa Madamu akaja na kikombe cha mafuta ya moto akayamwaga juu, samaki akalia *chwaa!*, nami nikaruka mpaka karibu dari. Ile ndiyo harufu niliyowaambia. Wali mweupe. Na mwisho Mama akaja na kuku wetu, amekatwakatwa na kupangwa upya kama vile hajawahi kutenganishwa, ngozi ya njano laini, hakuna rosti wala mchuzi, na kwenye mifupa kuna wekundu.

Babu alimtazama kwa muda mrefu. "Mwenzangu," akaninong'oneza, "huyu kuku hajapikwa. Huyu kaogeshwa."

Ndipo likatokea la kutokea. Madamu alivuta kiti kilichokuwa kando ya Babu, akamwambia Mama, "Leo hufanyi kazi. Leo mgeni. Kaa, ule na baba yako."

Mama akabaki amesimama na sahani tupu kifuani. Babu akasimama. Mimi nikasimama. Madamu akatutazama sote, akakitazama kiti, akakitikisa. Akaona labda mguu umelegea. Akakichukua, akaleta kingine. Hatukukaa. Akaleta cha tatu, cha mbao, kizito, pengine cha kwake mwenyewe, akakipangusa kwa aproni. Nilitamani kumwambia, lakini mambo haya hayana Kiswahili chake. Mwishowe Mama alisema neno moja kwa lugha yao, Madamu akaitikia "Aaah," akavibeba viti vyote, akaenda kuweka kimoja upande wa pili kabisa wa meza, mbali na Babu kwa kadiri meza ilivyoruhusu. Mama akakaa kiubavu, akimtazama sato. Mimi nikawa katikati yao. Nikajisikia niko nyumbani.

Babu hakuwa amewahi kula akiwa kwenye meza moja na Mama. Nilidhani paa litashuka. Lakini ona kile kioo. Mama alikigusa kwa kidole kimoja, kikazunguka, samaki akaondoka mbele yake akaenda mpaka kwa Babu. Hakumpa. Kioo ndicho kilichompa. Babu akatazama kama mtu aliyeona muujiza wa mkate, akachota. Kisha yeye naye akasukuma, mboga zikaenda kwa Mama. Wakala hivyo, wakitumiana bakuli kwa mzunguko, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sahani zilisafiri kati yao bila mimi. Nikaona wivu kidogo juu ya kioo.

Kuku aliyeogeshwa alikuwa mtamu kuliko kuku wote wa Mbozi na Momba wakiwekwa pamoja. Babu alikula vipande saba akiendelea kusema hajaiva.

Kisha Mama akatoa kutoka mfukoni mwa aproni kibakuli kidogo kilichofunikwa, akakiweka juu ya kioo, akakifunua. Firigisi. Alikuwa ameisafisha na kuichemsha mwenyewe. Kwetu mtoto wa miaka mitatu anajua firigisi ni ya mwenye nyumba. Haigawanywi, haiombwi, na mwanamke hata haionji chumvi yake. Mama alikizungusha kioo taratibu sana, kidole kimoja, mpaka kibakuli kikasimama mbele ya Babu. Maana yake ilikuwa wazi hata kwangu: bado wewe ndiye mkubwa wangu.

Babu hakukigusa. Aliweka kijiko chini. Akakohoa.

"Mwambie mama yako nyumba yake imesimama. Tumeiezeka upya. Ile kahawa ya upande wa mtoni ni yake, hakuna atakayemsemesha habari za kuolewa na mtu. Nimeshasema na wote. Arudi."

"Mama, Babu anasema nyumba imesimama, tumeiezeka, kahawa ya mtoni ni yako, hakuna kuolewa. Rudi." Ile "rudi" niliitia nguvu zangu mwenyewe.

Mama alishusha pumzi. "Mwambie babu yako nimeshukuru kwa nyumba. Nimeshukuru kwa kahawa."

"Babu, Mama ameshukuru."

"Mwambie sirudi."

Neno lile sikulipeleka. Mama akaendelea, sauti imekuwa nyembamba, macho kwenye tangi. "Mwambie hakuna aliyenichukua. Nilikuja kwa miguu yangu. Mwambie nimepanga chumba hapa Mpemba, kina dirisha, shule iko karibu. Mwambie namwomba mtoto wangu. Nilimwita ili nimwombe mtoto wangu."

Mtoto wake ni mimi. Ilinichukua muda kulitambua hilo. Nilikuwa nimezoea kubeba maneno ya mvua na kahawa na chumvi imeisha, na sasa nimepewa kujibeba mwenyewe.

Jamani, nilimtazama Babu. Alikuwa na punje ya wali kwenye ndevu. Nikamtazama Mama, na yale mashavu yake mapya. Nilitaka wote wawili, kwenye nyumba moja, na mimi nikipita katikati na sahani. Na nikagundua kitu ambacho sijawahi kukifikiria tangu nizaliwe: kwamba maneno yote yanapita kwangu, na hakuna anayeweza kunisahihisha.

"Babu," nikasema, "Mama anasema atarudi. Wiki ijayo. Akimaliza kufua."

Sijui kufua kulitoka wapi. Mwongo mzuri huongeza jambo dogo, na hata wakati ule nilikuwa na kipaji.

Madamu, ambaye Kiswahili chake kilitosha kabisa, alitazama sahani yake. Mama alivuta ncha ya aproni akafunika mdomo. Kunisahihisha angelazimika kumwambia Babu kwa kinywa chake, na hilo lilikuwa haliwezekani. Babu naye alikuwa amesikia kila neno. Walikuwa wametengana kwa meza, siyo kwa mlima. Lakini kwa heshima ya kwetu, alichosikia ni kile nilichomwambia mimi. Angeweza kusimama palepale na kusema, basi, imekubalika, wiki ijayo tunamsubiri. Mama angefungwa na neno langu.

Babu alinitazama. Mpaka leo naweza kuwaeleza mikunjo yote ya uso ule.

"Mwambie mama yako," alisema polepole, "nimesikia."

Akanyoosha mkono, ule mkubwa wenye kucha nyeusi za kahawa, akaweka kidole juu ya kioo. Akakizungusha. Wali ukapita mbele yangu, na mifupa ya samaki, na kuku, na kile kibakuli kikapita hakijaguswa, mpaka kikasimama mbele ya Mama.

"Mwambie ale."

"Mama, Babu anasema ule."

Mama akatikisa kichwa, hapana, hapana. Babu akashikilia kioo kwa kidole kisirudi. "Mwambie ale."

Akaila. Alikuwa analia huku anatafuna, na firigisi ni kitu kigumu kutafuna hata ukiwa na amani.

Hapo ndipo nilipokosea kusoma mambo, na nikakosea kwa miaka mingi. Nilichokiona mimi ni mzee aliyekataa chakula cha mkwe wake. Nilijua nimeharibu. Uongo wangu umegundulika, Babu amekasirika, amerudisha firigisi kama mtu anavyorudisha barua bila kuifungua, na adhabu yangu ni kuachwa. Babu aliposimama akachukua kofia na kunipa mkono wa kwaheri kama mtu mzima mwenzake, niliomba msamaha kwa kila kosa nililowahi kufanya, pamoja na mayai ambayo nilikuwa nimesema yameliwa na kicheche. Alinipigapiga kichwani tu. Nikakua na hilo. Nikasoma Mpemba, nikaacha shule, nikazaa, nikarudi shule usiku, na mahali fulani ndani yangu kuna mtoto aliyetupwa kwa sababu alidanganya mezani.

Aliyenirekebisha ni Bibi, baada ya kumzika Babu, tulipokuwa tumekaa kwenye mikeka tukichambua maharage ya matanga. Nilimwuliza kama Babu aliwahi kunisamehe. Bibi akaacha kuchambua.

"Akusamehe nini?"

Nikamweleza. Bibi alicheka mpaka waombolezaji wakageuka.

"Mke mwenzangu, wewe ni mjinga wa kusomeshwa. Babu yako alirudi siku ile akaniambia, nimempa firigisi. Nikamwuliza, nani? Akasema, yule ni mwenye nyumba sasa, na mwenye nyumba hakai bila mtoto. Ndivyo alivyosema. Kucheka uongo wako alicheka kutoka Mpemba hadi Vwawa. Kutoka Vwawa hadi hapa akalia."

Mwanamke kupewa firigisi, na baba mkwe wake, mbele ya watu. Sijasikia kabla wala baada. Nimejaribu kuwaeleza wanangu uzito wake, wakaniuliza kwani haikuwa na vipande viwili. Lakini ninyi wa rika langu mnaelewa. Babu alikuja na kuku kumchukua mtu, akaishia kumtawaza, na akatumia njia pekee ambayo adabu yake ilimruhusu. Hata uongo wangu hakuusuta. Aliupitia pembeni, kwa kioo.

Kuondoka kwake nakukumbuka hivi. Tulimsindikiza mpaka barabarani, jua kali, malori yananguruma bila kwenda. Noah ikasimama, konda anapiga bati, "Vwawa, Mlowo, Vwawa, mzee twende!" Babu aliweka mguu mmoja ndani. Mimi nilisimama katikati kama kawaida yangu, yeye mbele, Mama nyuma, nimeshakaa tayari, maana nilijua mwendo wake wa mtu anayetaka kutuma neno.

Hakunitazama. Aliangalia matairi ya lori.

"Mwanangu," akasema, na ikanichukua muda kuelewa kwamba haongei na mimi. "Huyu mtoto hulala ameshika sikio la mtu. Mpe lako."

Nyuma yangu nikasikia magoti yakigusa changarawe.

"Ndiyo, baba."

Mlango ukafungwa. Gari likaingia barabarani, likapenya kati ya malori mawili, likapotea. Nami nikabaki nimesimama palepale katikati, mikono tupu, nikisubiri mmoja wao anipe neno la kupeleka.